Uzito wa Chuma cha Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Sijapata kuona! Nimefika mazoezini nimenyoa ndevu, nimevaa shati la kola, nikijua leo Kapteni, mkuu wa bendi yetu, atatangaza kwamba kile kiti ni changu. Kiti cha mbele, cha gitaa la mapajani. Mzee aliyekuwa akikikalia amehamia kwa binti yake, macho yamemchoka. Nani mwingine wa kumrithi? Mimi nachakacha kayamba nyuma ya spika kubwa tangu mwanangu wa kwanza hajaota meno. Nyuma ya spika, narudia. Mama mkwe amekuja madansini mara nyingi na hadi leo anaamini mimi ni mlinzi wa vyombo.

Kapteni kasimama, kakohoa, kasema wanaokitaka kiti ni wawili. Wawili! Nikageuka kumtafuta huyo mwendawazimu. Ni shemeji yangu! Mdogo wa mke wangu, fundi bomba, anayelala sebuleni kwangu, anayekula mezani kwangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kulaza gitaa juu ya mapaja na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi! Kanitazama, katabasamu. Nami nikatabasamu. Meno tu.

Masharti ni haya. Jumamosi alasiri, dansini, mbele ya watu, kila mmoja wetu atapiga ule wimbo wa taratibu ambao Kapteni alimtungia marehemu mkewe. Mwisho wa wimbo mwimbaji wetu, tunayemwita Mama Pumzi, huvuta neno la mwisho mpaka pumzi imwishie. Gitaa humsindikiza kwa sauti moja tu. Sauti ikifa kabla yake, umeanguka. Ukifika naye mwisho, kiti chako.

Jioni tumejaribu sebuleni, kila mtu na chuma chake. Sauti yangu imekufa kabla sijameza mate. Ya shemeji imeendelea. Nikaenda jikoni, nikanywa maji, nikaosha glasi, nikarudi. Bado inalia! Gitaa ni lile lile!

Jumanne, 5 Machi

Nimegundua siri. Ni uzito!

Mimi ni muuzaji wa duka la vipuri vya magari, na mizani ya kupimia misumari iko mbele yangu kutwa nzima. Asubuhi nilikitoa chuma cha shemeji kwenye soksi anamokihifadhi, nikaenda nacho kazini. Changu ni pini ya pistoni ya pikipiki, tundu limepita katikati kama mrija. Nimeiweka kwenye mizani. Sindano imetikisika kwa heshima tu. Nikaweka cha shemeji, ambacho mkereza vyuma wa nyuma ya duka alimchongea kama malipo ya kuzibiwa bomba lake. Chuma kilichojaa, hakina tundu. Sindano imeruka!

Basi hesabu ni nyepesi. Kizito hulala juu ya nyuzi, nyuzi zinatulia chini yake, sauti inadumu. Chepesi hurukaruka, nyuzi zinalalamika, sauti inakata roho. Kwa hiyo atakayekuwa na chuma kizito kuliko wote atakuwa na sauti ndefu kuliko wote. Mbona sikuliwaza hili miaka yote?

Nimekwenda rafu ya mwisho, nikachukua pini ya pistoni ya lori kubwa kuliko yote tunayouzia vipuri. Niliibeba kwa mikono miwili. Bosi kaniuliza naenda wapi nayo. Nimemwambia naipanguza vumbi.

Mungu wangu, sauti! Nimegusa nayo uzi mmoja tu, vikombe kabatini vimeitikia. Jirani kagonga ukuta. Mke wangu kaja mlangoni na mwiko mkononi, kauliza kama kuna gari limepaki ndani. Nilitaka kulia kwa furaha. Nikaisogeza pini ili nipate sauti ya pili, na hapo ndipo nilipopata pigo. Haisogei! Yaani inasogea, lakini inapofika, wimbo umeshaondoka. Nikiigeuza mshazari kidogo ili nikamate nyuzi mbili, kifundo cha mkono kinatetemeka. Nikiilegeza, nyuzi zinazama mpaka zinagonga ubao. Mara ikateleza, ikadondokea kidole gumba cha mguu wangu.

Sikujua kama naweza kupiga kelele kwa muda mrefu vile. Mama Pumzi mwenyewe angesalimu amri.

Jumatano, 6 Machi

Kidole kimekuwa cha zambarau. Naandika mguu ukiwa juu ya stuli.

Nimeamka nimeikosa pini yangu. Nimetafuta chini ya kitanda, nyuma ya kochi, ndani ya gitaa. Nimeikuta jikoni. Mke wangu anatwangia vitunguu saumu! Kaniambia hajapata kuwa na mchi mzuri namna hii, haumchoshi, anauinua tu unajishukia wenyewe. Kanishukuru. Kasema ni mara yangu ya kwanza kumletea zawadi bila kukumbushwa. Ningemwambia nini? Nimemwambia ni ya moyoni. Kisha nimeazima zawadi yangu kwa siku moja.

Mazoezini nimenuka saumu mpaka mpiga tarumbeta kasogeza kiti. Katikati ya ule wimbo kuna mahali gitaa linapaswa kuruka haraka, juu, chini, juu tena. Nimeruka mara moja, nikabaki hukohuko juu. Kapteni kasimamisha bendi nzima. Kasema, mbele ya watu wote, kwamba napiga kama mtu anayesukuma mkokoteni mlimani. Watu wamecheka! Hata mchakacha kayamba mpya kacheka, na hiyo kayamba nilimpa mimi!

Halafu shemeji kanifuata pembeni na upole wake ule unaochefua. Kasema, shemeji, usikikandamize chuma, kiache kijibebe. Kasema kikiwa kizito mno mkono unakuwa mtumwa wake, kikiwa chepesi mno unakuwa unakigandamiza na nyuzi zinavutika, sauti inapanda, unatoka nje ya wimbo. Kasema cha katikati ndicho kinachomfaa mtu mwenye mkono kama wangu.

Mkono kama wangu! Jana tu nilikuwa namwelekeza gitaa linashikwa upande gani! Nimemjibu asante sana. Nimekasirika mpaka nimesahau kidole.

Alhamisi, 7 Machi

Nina akili. Lazima niliandike hili mahali.

Kama siwezi kukifanya changu kizito, naweza kukifanya chake chepesi!

Shemeji alipoingia bafuni nimekitoa chuma chake kwenye soksi, nikatia karoti ndani ili soksi isisinyae. Nimetoka mbio, kwa mguu mmoja na nusu, mpaka kwa mkereza vyuma. Nimemwambia akitoboe ndani toka upande mmoja, akikombe chote, abakize ganda tu, na kwa nje kisiguswe. Kanitazama sana. Kaniuliza kwa nini mtu atoboe chuma kizuri namna ile. Nimemwambia ni mambo ya muziki, asingeelewa. Kasema kweli haelewi, kakifunga kwenye mashine. Vipande vya chuma vilivyokuwa vinamwagika sakafuni vimenifurahisha kuliko nilivyotegemea.

Tatizo likawa tundu. Liko wazi kama mdomo wa mtu aliyeshtuka! Mkereza kasema kizibo cha chuma ni kazi ya kesho. Kesho! Shemeji alikuwa anarudi saa hiyo hiyo kwa chakula cha mchana. Nimeketi kwenye gogo nje ya karakana, nikafikiri haraka. Duka la jirani wanauza sabuni ya kufulia. Nimechonga kipande kwa kisu, nikakishindilia ndani kikaziba barabara, nikakipaka rangi ya fedha tunayouza kwa ajili ya ringi za magari. Huwezi kujua! Mimi mwenyewe nilipokigeuza nilisahau upande wenye sabuni ni upi.

Nimekirudisha kwenye soksi, nimekula karoti kufuta ushahidi.

Sasa je, akikishika akajua? Nimelitafakari hilo pia. Wakati wa kula nimemwambia kwamba mabingwa wa zamani walikuwa hawagusi vyuma vyao siku mbili kabla ya kupiga, ili mkono uingiwe na hamu. Nimelitunga pale pale, tonge mdomoni. Kaweka kijiko chini, macho yamemtoka. Kasema hakuwa anajua, kanishukuru, kaitundika soksi yake kwenye msumari na kaapa hataigusa. Ameamini! Nimeshtuka kuona jinsi ilivyo rahisi.

Ijumaa, 8 Machi

Mama mkwe kawasili na mabegi yake kwa ajili ya dansi la kesho. Hajakaa vizuri kaniuliza, kama mimi niko hapa, nani analinda spika? Nimembebea mabegi.

Leo kazini yametokea ya ajabu. Nilikuwa nimepata fikra kwamba kwa kuwa chuma cha shemeji sasa ni ganda, mimi naweza kupiga na chochote. Nikaokota pini ya pistoni ya pikapu, si ya pikipiki, si ya lori. Nimeijaribu nyumbani mlango umefungwa.

Lo! Imeingia mkononi kama imezaliwa humo. Inalala juu ya nyuzi bila kukandamizwa, lakini nikiiambia twende, inakwenda. Nimeruka juu, chini, juu tena, nimefika kwa wakati. Sauti ya mwisho nimeiachilia nikaanza kuimba mimi mwenyewe, pumzi ikaniishia, na gitaa bado linalia. Nimepiga mara nyingi. Kila mara imedumu.

Yaani naweza kushinda! Kwa haki! Nilifungua mlango, nikakaa kitandani nikaitazama ile soksi msumarini sebuleni, na moyo umeniuma, siwezi kusema uongo hapa. Nimewaza nikiri. Nimewaza nimkimbilie mkereza akiweke kizibo cha kweli. Lakini rangi ilikuwa imeshakauka vizuri mno. Ingekuwa hasara.

Jumamosi, 9 Machi

Niandike moja baada ya jingine, la sivyo sitaamini mwenyewe.

Ukumbi umejaa. Mama mkwe kakaa safu ya kwanza na mke wangu. Mimi naitwa wa kwanza. Nimefungua mkoba, nimetoa pini yangu ya pikapu, nimepumua. Mara shemeji kasimama, kaja mpaka mbele yangu, soksi mkononi. Kasema kwa sauti, wote wakasikia, kwamba wiki nzima ameniona nikihangaika na vyuma, ameona na kidole changu. Kasema sauti ya mwisho inataka chuma chenye uzito, na cha kwake ndicho. Anaomba nipige nacho. Yeye atatumia hiyo pini yangu.

Nimesema hapana, shemeji, kila mtu na chake. Kasema hawezi kula kwangu halafu aniangushe. Nimesema nimeshaizoea hii. Mke wangu katoka kwenye kiti, machozi yanamlenga, kaninong'oneza kwamba nikimkatalia mdogo wake mbele ya mama yao nitatafuta pa kulala. Mama mkwe kasema kwa nguvu kwamba hajaona roho kama ya mwanawe. Watu wamepiga makofi! Shemeji kaniwekea soksi kiganjani. Kasema leo anakiona chepesi, labda kwa sababu anakitoa kwa moyo mweupe.

Nimekaa. Nimepiga.

Sauti ya kwanza imetoka nyembamba, inakwaruza. Nimekikandamiza chuma. Nyuzi zikavutika, sauti ikapanda, nikatoka nje ya wimbo kama alivyosema yeye Jumatano. Mama Pumzi kanitupia jicho. Nikakandamiza zaidi. Hapo jasho likaanza. Jasho la kiganja, jasho la paji la uso, lote likateremka kwenye chuma. Na sabuni ikaamka.

Povu! Kwenye nyuzi! Povu jeupe, mbele ya ukumbi mzima, linazidi kila nikitelezesha! Mama Pumzi amefika neno la mwisho, kavuta pumzi, kaachia, nami nikaweka chuma kwenye ile sauti moja ya maisha yangu. Kikateleza. Kimepanda nyuzi zote mpaka mwisho kwa kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa kiumbe yeyote, kikaruka, kikaanguka, kikabiringika katikati ya wachezaji. Kizibo kikachomoka. Kikasimama miguuni kwa mama mkwe. Kakiokota, kakinusa, kauliza kama ni sabuni ya kufulia au ya kuogea.

Kisha shemeji kapangusa povu kwa shati lake mwenyewe, kapiga na pini yangu ya pikapu. Mama Pumzi alivuta neno mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Gitaa halikumwacha. Aliponyamaza, lenyewe likanyamaza. Kapteni alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanamtikisika kwa kilio. Kiti kimekwenda kwa shemeji.

Nilidhani hayo ndiyo mabaya ya leo. Sikujua! Nimejificha nyuma ya spika kubwa, mahali pangu pa siku zote. Shemeji kanifuata, anafuta machozi. Kaniomba msamaha! Kasema kumbe yule mkereza alimpa bomba lililozibwa sabuni, na yeye hakujua. Halafu kasema kwamba tangu Jumatatu alikuwa ameshaongea na Kapteni. Alimwambia kiti anipe mimi, kwa sababu nimesimama nyuma miaka mingi na anaona haya kunipita. Kapteni alikubali, ila alitaka tu kusikia sauti ile ya mwisho isimwache Mama Pumzi. Ningepiga na chuma chochote kizima, kiti kilikuwa changu.

Kilikuwa changu tangu Jumatatu! Nimelia. Nimeshika spika nimelia, na shemeji kanishika bega kanibembeleza, akidhani namlilia mkereza.

Jumapili, 10 Machi

Nimejifunika shuka mpaka adhuhuri. Kila mtu ananihurumia, na huruma yao inaniwasha mwili mzima. Mke wangu kaniletea chai kitandani. Shemeji kanipa mto wake. Mama mkwe kaja mwenyewe, kakaa ukingoni mwa kitanda, kasema angalau sasa ameniona kwa macho yake nikiwa mbele, na kwamba mwanzo mwanzo, kabla ya povu, nilikuwa nimekaa vizuri.

Nimeona haya jamani. Nilifungua mdomo niwaambie kweli yote. Neno lilikuwa ulimini. Basi mke wangu akasema yule mkereza ni mtu mbaya sana, wote wakaitikia, na nikaona si adabu kumkatiza mtu.

Nimefikiri kwa kina siku nzima nilipokosea. Nimepata jibu. Nilipokosea ni kwenye sabuni.

Jumatatu, 11 Machi

Siku njema kuliko nilivyotegemea. Shemeji alitaka kwenda kumvaa mkereza. Nimemzuia haraka, nimesema mambo ya namna hii yanataka mtu mzima, nipe mimi nikipeleke kitengenezwe. Kanipa, kanishukuru.

Njiani nikapata fikra. Mwenye kiti sasa ni yeye. Chuma chepesi kiliniangusha mimi. Je, kizito kupindukia hakitamwangusha yeye? Nimemwambia mkereza apanue tundu, alijaze risasi iliyoyeyushwa mpaka mdomoni, halafu alifunge kwa chuma. Risasi ni nzito kuliko chuma, hilo anajua kila muuza vipuri. Baada ya nyimbo chache mkono wa shemeji utakufa ganzi, atatazama huku na huku, na nani atakuwa amesimama karibu, pini ya pikapu mfukoni? Mkereza hakuuliza kitu safari hii. Kaguna tu. Nimerudi dukani nikipiga mluzi.

Mchana bosi kapita na mteja mwenye pikapu mbovu. Kaulizia pini ya pistoni aliyoikosa rafuni. Nikaona nitafukuzwa kazi! Nimeitoa mfukoni, nimesema nilikuwa naipanguza vumbi. Imefungwa ndani ya injini mbele ya macho yangu, na pikapu imeondoka nayo.

Jioni shemeji kaingia anakimbia, uso unang'aa. Kasema amembembeleza Kapteni mpaka kakubali. Kiti tutapokezana! Jumamosi moja yake, moja yangu. Gitaa moja, na chuma kimoja, kile kile chake kikishatengenezwa, maana kuanzia sasa ni chetu sote. Na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, kasema, zamu ya kwanza ni yangu. Jumamosi hii. Mama mkwe kasema haondoki mpaka anione.

Nimemkumbatia. Nimemkumbatia kwa muda mrefu kwa sababu sikutaka aone uso wangu.

Nimefika karakana kidole kinaniuma, mkereza anafunga mlango. Risasi imeshaganda. Nimekinyanyua chuma kwa mkono mmoja, nimekirudisha mezani haraka. Nimemuuliza kama anaweza kukitoboa tena, akipunguze kidogo tu. Kasema anaweza, ila kizibo nilichokuwa nimelipia kitaharibika, na kingine ni kazi ya wiki ijayo. Kauliza safari hii nitaziba na nini.

Nimemwambia atoboe tu. Nyumbani tuna mishumaa, na mshumaa hautoi povu.